Kelele ya Mama Liban

Kazi yangu ni kunyamazisha watu. Usicheke. Kuna wenye kazi ya kupakia ng'ombe kwenye lori kule sokoni Isiolo, kuna wanaofunga miraa, na kuna mimi, Lokuruka, ninayelipwa mshahara kuhakikisha bonde letu halina simu iliyowashwa, redio inayoimba wala pikipiki inayonguruma. Watoto wa njia ya Oldonyiro wananiita Mzee Nyamaza. Wakiniona wanaziba midomo kwa viganja halafu wanakimbia. Siwakasirikii. Sawa, nawakasirikia, lakini mbio sina.

Bonde lenyewe limezungukwa na vilima pande zote, na katikati yake tuna dishi. Si dishi la kuonea mpira. Hili ni pana kuliko kanisa letu, na kazi yake ni kusikiliza huko juu. Wanaliita darubini ya redio. Halitafuti mwanga, linatafuta mawimbi ya redio yanayotoka kwenye galaksi, yale makundi ya nyota yaliyo mbali kiasi kwamba ukiambiwa umbali wake unaitikia tu kwa adabu. Mawimbi hayo yakifika hapa yamechoka kabisa. Simu moja ikiwashwa bondeni inayafunika yote, kama mtu anayebishana mlangoni wakati mgonjwa ndani anajaribu kunong'ona.

Ndiyo maana gari letu ni la dizeli, kwa sababu plagi za petroli hutoa cheche, na cheche nazo ni kelele. Ndiyo maana bodaboda huishia geti la kule juu, na mgeni humalizia safari kwa miguu. Lakini wageni wenyewe wako wapi? Mke wangu, Nakuam, alijaribu kukaa na mimi hapa. Hakuna simu, hakuna redio, hakuna hata jirani wa karibu wa kugombana naye. Siku moja akafunga virago akaniambia heri jela, jela kuna watu. Siku hizi anauza mitumba Isiolo mjini. Mwisho wa mwezi naenda kumwona, tunakunywa chai, tunaulizana afya, narudi. Nilimwambia upweke si ugonjwa. Akanijibu kwamba mgonjwa angalau hutembelewa.

Bosi wangu pale kituoni ni injinia Gichunge, Mmeru, kijana mpole ambaye ukimkaripia anasema asante. Mwaka huu alikuwa na jambo lake kubwa, na alinieleza mara nyingi hadi nikaanza kulisema usingizini.

"Mzee, dishi letu peke yake likiangalia hii galaksi linaona ukungu tu," alisema. "Lakini kuna darubini nyingine imerushwa angani, inaizunguka dunia kwa mbali sana. Na kuna nyingine nchi za watu. Zote zikiielekea galaksi moja kwa wakati mmoja, kila moja ikarekodi ilichosikia, halafu kompyuta ikaunganisha hizo rekodi, tunapata picha safi. Ni kama tungekuwa na dishi moja linaloanzia hapa kwetu mpaka kule angani."

"Kwa hivyo zikiwa mbali ndiyo zinaona vizuri?"

"Kadiri zinavyokuwa mbali, ndivyo picha inavyokuwa kali."

"Basi mimi na Nakuam tungekuwa tunaonana vizuri sana," nikamwambia. Gichunge akacheka. Mimi sikuwa nimefanya mzaha.

Siku ya kazi ilipangwa kuwa Ijumaa, mchana. Watu wengi wanadhani hii ni kazi ya gizani, lakini redio haijali jua. Mchana huo galaksi ingekuwa juu yetu, na ile darubini ya angani ingekuwa imefika mbali kabisa katika mzunguko wake. Upande wetu huu wa dunia tulikuwa sisi peke yetu. Tukiharibu, nafasi inapewa wengine, na ile ya angani haina subira na mtu.

Basi Jumatano tukafanya majaribio, na kwenye kioo cha kompyuta ukatokea mstari. Mstari huo ndio adui yangu. Ukiuona ujue kuna kitu bondeni kinapiga kelele. Gichunge alishika kichwa kwa mikono miwili. Mimi nikachukua antena yangu ya mkononi, ile ninayotumia kunusa kelele, nikatoka. Ninaizungusha huku na huku, inaponguruma zaidi naifuata. Nilitembea nikivuka lugga, ule mto usio na maji, nikapita vichaka vya miiba vilivyonichana suruali, na muda wote nilijua inanipeleka wapi, kwa sababu upande ule anaishi mtu mmoja tu.

Huyo mtu ni Dahabo, mjane wa Kiborana, ambaye sisi sote tunamwita Mama Liban kwa jina la mwanawe wa pekee. Wenzake walihama zamani kwenda karibu na barabara, kuliko na mtandao na duka. Yeye alibaki chini ya kilima na mbuzi wake. Mimi na yeye ndio majirani, ingawa ukitaka kukopa chumvi kwake ufike kabla hujasahau ulichofuata.

"Salaam aleikum, Mama Liban."

"Aleikum salaam. Leo umekuja na fimbo yako ya uchawi."

"Nimekuja na fimbo na imenileta kwako. Simu iko wapi?"

Hakujisumbua kudanganya. Alinyoosha kidole juu ya mlango. Kulikuwa na mkebe wa maziwa ya unga umening'inizwa kwa kamba, na ndani yake simu ndogo ya vibonye. Hapo mlangoni tu, na hapo peke yake, ilikuwa inapata mtandao kidogo unaokuja na kupotea. Sasa simu iliyo mbali na mnara ndiyo mbaya kuliko zote. Ile ya mjini inanong'ona kwa sababu mnara uko karibu. Ya Mama Liban ilikuwa inapaza sauti kwa nguvu zake zote, kutwa kucha, inatafuta wa kuijibu.

Nilifoka. Nilimkumbusha kwamba sote tulikubaliana barazani, mbele ya chifu, kwamba kitambaa chekundu kikipandishwa getini kila mtu anazima simu. Nilimuuliza kama sheria ni ya wengine tu. Nilisema mengi, maana nikianza mimi sina breki.

Aliniacha nimalize. Akanimiminia chai.

"Mimi nilikuwa nazima," akasema. "Kitambaa kikipanda, nazima. Niulize mwenyewe, uliwahi kunipata?"

"Hapana."

"Liban alikuwa akipiga kila Ijumaa baada ya swala. Anaendesha malori huko Uarabuni, simu ni ya kuazima, leo namba hii, kesho namba ile, na ukiipiga wewe haiingii. Ijumaa moja mkapandisha kitambaa chenu, nikazima. Tangu Ijumaa hiyo hajapiga tena. Zaidi ya mwaka sasa. Safari hii nikasema sizimi tena. Nitajuaje kama si siku hiyo alipiga, akaambiwa mteja hapatikani, akasema basi, mama amekwisha?"

Nilikuwa na jibu. Mimi huwa na jibu. Lakini chai ilikuwa mdomoni, na nilipomeza jibu nalo likashuka. Nilimhurumia, na nilijikasirikia kwa kumhurumia, kwa sababu huruma haiondoi mstari kwenye kioo.

"Mama, ni Ijumaa moja tu," nikasema.

"Na yeye ni mtoto mmoja tu."

Nikarudi kituoni. Gichunge alipendekeza tumwite chifu aje aongee naye. Nikamwambia mwite, aje na askari, wamnyang'anye mama mzee simu, halafu wewe urudi kwenu Meru mwisho wa wiki, mimi nibaki hapa nikitazamana naye. Akasema asante. Baadaye akaniuliza kwa upole kama hatungeweza kumtoa yeye na simu yake nje ya bonde kwa siku hiyo. Wazo lilikuwa zuri, ila gari lilikuwa Nanyuki kwa fundi, na magoti ya Mama Liban hayapandi kilima. Hata kutoka zizini hadi mlangoni anashika ukuta.

Ndipo nikasema nitaibeba mimi. Kazi yangu ilikuwa kuhakikisha bondeni kuko kimya, na simu ikiwa ng'ambo ya kilima nami nikiwa nayo, kimya kipo. Ng'ambo ile mtandao ni mzuri. Kama Liban angepiga, angepokelewa.

Alhamisi nilipompelekea wazo hilo, Mama Liban alifikiria usiku kucha, au ndivyo alivyosema. Ijumaa asubuhi aliishusha simu kutoka kwenye mkebe, akaifuta kwa shuka, akanikabidhi kwa mikono miwili kama mtu anayekabidhi mtoto mchanga.

"Ikilia ushike," akasema.

"Nitashika."

"Na usimrukie na maneno. Mwanangu si wa kurukiwa. Msalimie vizuri, kama mtu na mtu. Halafu umwambie mama yuko, simu tu ndiyo imetembea."

"Mama, mimi nilifundishwa kusalimia kabla sijafundishwa kutembea," nikamwambia. Na ni kweli. Hakuna kitu kinachonikera kama hawa vijana wa mjini wanaopiga simu na kuanza na "niko na shida." Shida gani, na hata hujaniuliza kama nimeamka?

Nikapanda kilima. Nikashuka ng'ambo hadi mahali pa kivuli, chini ya mgunga, ninapoiona barabara kwa mbali na vumbi la malori ya mbuzi. Niliwasha ya Mama Liban, kisha nikawasha na yangu. Yangu ilitetemeka mara moja. Nikaichungulia. Ilikuwa kampuni ya simu inaniuliza kama ningependa kununua mlio wa wimbo. Kutoka kwa Nakuam hakukuwa na kitu. Nikairudisha mfukoni, nikailaza ya Mama Liban juu ya jiwe mbele yangu, nikakaa kuilinda. Ni ajabu mtu kutazama simu hivyo. Unaanza kuiomba. Nilimwaza Gichunge kule chini na dishi lake limeinua uso, na ile nyingine kule angani ambayo hata ukitoa macho huioni, zote mbili zinasikiliza kitu kimoja. Na mimi hapa nasikiliza changu.

Swala ya Ijumaa ilikuwa imepita kitambo simu ya Mama Liban iliponguruma. Namba ilikuwa ndefu, ya nje. Nilisimama wima kama naitwa na mkubwa, nikakohoa kusafisha koo, nikabonyeza.

"Aayo?" sauti ikasema. Ndivyo Waborana wanavyomwita mama. Ilikuwa sauti ya mwanamume, imekauka, inatoka mbali na kukatikakatika.

Kiborana ninakijua cha sokoni, na salamu ninazijua zote. Nikaanza kwa sauti ya utu uzima, taratibu, nikamtaja jina. "Nagaa, Liban. Nagaa?" Maana yake amani. Nikamuuliza amani ya mwili, amani ya kazi, amani ya huko aliko.

Akageukia Kiswahili. "Wewe ni nani?"

"Mimi ni mzee Lokuruka, jirani ya mama. Tusalimiane kwanza, kijana. Umeamkaje huko?"

"Mbona simu ya mama iko na wewe?"

"Nitakwambia, usiwe na haraka. Afya yako? Kazi inaendelea?"

Sikusikia jibu, nikadhani ni mtandao. Nikaendelea, nikamuuliza hali ya hewa ya huko. Kisha nikasikia, taratibu, "Innaa lillahi." Na baada ya hapo akalia.

Nilichelewa kuelewa. Sisi watu wa huku, Mborana, Mturkana, Msomali, habari ya kifo hatumtupii mtu kama jiwe. Anatumwa mwanamume mzima, asiye wa nyumba hiyo. Anafika, anasalimia, anauliza amani ya hiki na kile, anakataa kuharakishwa. Anayesalimiwa, akiona salamu zinarefuka, anaanza kujua mwenyewe, na mwisho anaketi chini kabla hajaambiwa. Hivyo ndivyo nilivyoletewa habari ya baba yangu. Na mimi, na adabu zangu zote, nilikuwa nimesimama chini ya mgunga nikimfanyia kijana wa watu vivyo hivyo.

"Hapana," nikapaza sauti. "Liban, hapana, sikiliza, mama ni mzima." Lakini alikuwa analia juu ya maneno yangu, na simu ya kuazima haina huruma, ikakata.

Nikapiga ile namba. Haikuingia. Nikapiga kwa simu yangu, nikapiga tena, mwanamke wa kwenye mashine akaniambia Kiarabu nisichokijua. Nilitembea huku na huku juu ya mawe nikiongea peke yangu. Nilijitukana Kiturkana, kwa sababu Kiswahili hakina matusi ya kutosha. Nilingoja hadi jua lilipoanza kuinama na kule getini kitambaa kikashushwa. Simu haikulia tena.

Gichunge alikuja kunipokea njiani anakimbia, kijana ambaye sijawahi kumwona akikimbia. Alinishika mikono yote miwili. Safi, mzee, alisema, safi kabisa, kioo hakikuwa na mstari hata mmoja. Ile picha ilitoka miezi baadaye, walipounganisha rekodi yetu na ya angani na za wengine, na iko ukutani ofisini. Nimeitazama mara nyingi. Ni doa la rangi ya kaa la moto, na ubavuni mwake umetoka mchirizi mwembamba ulionyooka kwenda gizani. Gichunge anasema huo mchirizi hakuna aliyekuwa ameuona ukiwa mkali hivyo. Ni kitu kizuri, sikatai. Lakini siku ile nilimwambia vizuri, injinia, hongera, nikampita.

Njiani nilitunga uongo. Nilisema nitamwambia Mama Liban kwamba mwanawe hakupiga. Ni uongo mdogo, na tena ni wa huruma, kwani mama amezoea kuambiwa hakupiga. Niliurudia mpaka ukanyooka. Nilipofika alikuwa ametoka nje, amekaa kwenye kigoda mlangoni, amejifunga mtandio mzuri kuliko wa kila siku. Uongo wote ukanipotea.

"Amepiga?" akauliza.

"Amepiga."

Nikamweleza nikiwa nimesimama, mwanzo hadi mwisho, bila kumsalimia. Nilimwambia mwanao anadhani umekufa, na ni mimi niliyemfanya adhani hivyo, na namba haiingii. Nilingoja matusi. Ningeyapokea kwa moyo mmoja.

Akauliza, "Sauti ilikuwa na nguvu?"

"Ilikuwa imekauka kidogo. Lakini ya mtu mzima, mwenye afya."

"Kwa hiyo yuko hai."

"Yuko hai, mama."

"Na alilia?"

"Alilia."

"Kwa sauti?"

"Kwa sauti. Nilishindwa hata kupenyeza neno."

Alishika mtandio akafuta uso, polepole. "Mwaka mzima nimemlilia mimi peke yangu," akasema. "Nilidhani huko hakuna anayenilia." Akaniomba nimwambie tena alivyolia. Nikamwambia. Akaniomba tena. Nilimweleza hadi mbuzi wakarudi wenyewe zizini, na kila mara alisikiliza kama habari mpya.

Mwishowe nikatoa simu nimrudishie. "Niitundike kwenye mkebe," nikasema. "Atapiga tena kutafuta ndugu, utamwambia mwenyewe kuwa u mzima. Ya kitambaa nitajua mimi la kufanya."

Aliipokea. Akabonyeza kile kitufe chekundu na kukishikilia hadi kioo kikafa.

"Mama Liban, unafanya nini?"

"Nilipokuwa hai hakuja," akasema. "Mtoto wa Kiborana hamwachi mama yake azikwe na watu baki halafu asije hata kushika udongo wa kaburi. Rambirambi hazipokelewi kwa simu. Aliyelia hivyo atakuja."

"Hiyo ni dhambi. Kijana anaumia huko."

"Aumie. Mimi nimeumia."

"Na akija akukute umekaa hapa mlangoni?"

"Atakasirika," akasema. "Akasirike akiwa hapa."

Alinyanyuka kwa kushika ukuta, akatazama kile kinjia kinachotoka kwake kwenda getini. Miti ya miiba ilikuwa imekifunika pande zote mbili, maana ni muda mrefu hakuna aliyepita isipokuwa mimi na mbuzi.

"Kesho uje na panga," akaniambia. "Njia hii mtu mgeni haioni."

Kesho yake nikaenda na panga.